Gmail, Outlook au Thunderbird: barua pepe na kalenda ipi kwa ofisi yako ya Mwanza?

Swali ninaloulizwa kuliko yote, mara nyingi nikiwa nimeinama chini ya meza ya mtu natafuta soketi, ni hili: "Sasa sisi tufunge ipi?" Mwulizaji huwa ameshasikia majina matatu, ameshasifiwa kila moja na mtu tofauti, na amechoka. Nafunga kompyuta na barua pepe za ofisi ndogo ndogo hapa Mwanza, kuanzia vyumba viwili vya ghorofani Makoroboi hadi mashirika ya Capri Point, na mara moja moja navuka kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe. Nimefunga zote tatu na zote tatu zimewahi kunitia aibu, kwa hiyo sina timu ninayoishangilia.

Kwanza tuelewane tunalinganisha nini, maana majina haya si ndugu wa tumbo moja. Gmail na Kalenda ya Google ni huduma kamili: sanduku la barua liko kwa Google, nawe unalifungua kwa kivinjari au simu. Kuna ya bure inayoishia na gmail.com, na kuna ya kulipia, Google Workspace, ambayo anwani yake hubeba jina la kampuni yako. Outlook ninayoizungumzia hapa ni ile inayokuja na Microsoft 365 ya kulipia. Thunderbird ni ya bure na ni chombo tu, haina sanduku lake. Huku kwetu mara nyingi inafungwa kusomea barua za sanduku lililokuja na hosting ya tovuti ya kampuni, yaani nafasi ya kukodi kwenye seva ya mtu mwingine, na ndivyo nitakavyoichukulia. Inaweza pia kusoma sanduku la Gmail, na hilo tutalirudia.

Ofisi za serikali zina mfumo wao wa go.tz na watu wao wa kuusimamia. Makala hii haiwahusu.

Vigezo kabla ya majina

Napima kwa mambo matano. Barua na kalenda zinakuwaje mtandao ukikata? Kalenda inaelewana vipi na saa zetu na watu wetu? Mtu akiacha kazi, ufunguo wa sanduku unabaki kwa nani? Inakula bando na nafasi kiasi gani? Mwisho, inalipiwaje, na je, barua inayotoka ofisini kwako inafika au inaishia kwenye taka za mwenzako? Sijaweka uzuri wa sura. Kila mtu huzoea sura ya chombo chake ndani ya wiki mbili.

Mtandao ukikata

Umeme ukikatika, kompyuta mpakato hubaki hai saa mbili tatu, lakini ruta ya ofisini huzima papo hapo. Kwa ofisi nyingi za hapa, giza la umeme ndilo giza la barua.

Gmail inaishi kwenye kivinjari, kwa hiyo ukiiacha kama ilivyokuja, mtandao ukienda unabaki unatazama ukurasa mtupu. Lakini kuna mpangilio ambao watu wengi hawajawahi kuufungua. Bonyeza gurudumu la mipangilio, nenda kwenye mipangilio yote, tafuta sehemu ya "nje ya mtandao", uiwashe. Utaulizwa uhifadhi barua za siku 7, 30 au 90. Chrome itaziweka kwenye kompyuta yako, nawe utasoma, utatafuta na kujibu hata mtandao ukiwa umelala. Jibu lako litasubiri mpaka mtandao urudi. Masharti ni mawili: uiwashe kabla ya balaa, na usiiwashe kwenye kompyuta inayotumiwa na watu wengi, kwa sababu barua zako zinabaki humo. Kalenda ya Google nayo bila mtandao kwenye kompyuta unaiona tu, huwezi kuongeza kikao. Kwenye simu unaweza.

Outlook ile iliyozoeleka, ya kusakinishwa kwenye kompyuta, ndiyo iliyoumbwa kwa hali hii. Inaweka nakala ya sanduku lako kwenye diski na kuna kijiti cha kusogeza kuchagua ni barua za muda gani, kuanzia siku 3 hadi zote. Kawaida huja imewekwa mwaka mmoja. Kompyuta yenye diski ndogo mimi huishusha hadi miezi mitatu, na malalamiko ya "kompyuta imekuwa nzito" hupungua. Kalenda nayo iko humo humo: unaandaa mwaliko gizani, unabonyeza tuma, unakaa kwenye foleni. Lakini angalieni mambo mawili. Outlook mpya, ile unayovutwa kuijaribu kwa swichi iliyo juu kulia, imejengwa kwa namna ya wavuti, na bila mtandao haina kina cha ile ya zamani. Pili, kifurushi cha bei ya chini, Business Basic, hakina Outlook ya zamani ya kusakinisha. Una ya wavuti na ya simu. Nimeshakuta ofisi imelipia mwaka mzima ikidhani imenunua ile nyingine.

Thunderbird inahifadhi barua kwenye diski bila kuombwa, na unaweza kuipunguzia kwa kuiambia isishushe barua kubwa kuliko kiasi fulani au za zamani kuliko siku kadhaa. Nina mteja ambaye afisa wake wa mradi huandika majibu yake yote kwenye meli ya kwenda Nansio. Akimaliza kila moja anabonyeza Ctrl+Shift+Enter, ambayo huiweka barua kwenye foleni badala ya kuituma. Meli ikifunga gati anawasha mtandao wa simu mara moja, zinatoka zote kwa mkupuo, anazima. Bando la dakika tano.

Kalenda, na ugomvi wa saa

Hapa ndipo nimejifunza kwa fedheha. Miaka kadhaa nyuma nilifunga kalenda ya pamoja kwa ofisi moja yenye bodi ya wazee. Katibu muhtasi, dada makini kabisa, aliandika kikao cha bajeti "saa 4 asubuhi" jinsi kilivyo kwenye barua ya mwaliko. Programu ikampa 4:00, naye hakuona tatizo, maana saa nne ni saa nne. Kikumbusho kilikuwa cha dakika 30. Saa tisa na nusu usiku simu za wajumbe tisa zikalia kwa pamoja, kuanzia Pasiansi hadi Buhongwa. Kulipopambazuka mzee mmoja alinipigia. "Mwangaluka, kijana," akaniambia kwa upole unaotisha. "Hiki kikao chenu ni cha bajeti au ni cha wachawi?"

Hakuna programu kati ya hizi tatu inayoijua saa ya Kiswahili. Zote huhesabu kuanzia usiku wa manane, sisi tunahesabu kuanzia kuchomoza kwa jua, tofauti ni saa sita. Dawa ninayoitumia tangu siku ile ina sehemu mbili. Kwanza, badilisha kalenda ionyeshe saa 24. Ukiona 10:00 toa sita, ni saa nne asubuhi. Ukiona 14:00 toa sita, ni saa nane mchana. Mtu akitaka kuandika kikao cha saa nane akajikuta anaandika 8:00, kalenda itamweka asubuhi mapema kabisa ya siku na macho yatamwambia kuna kosa. Pili, andika saa ya kwetu kwenye kichwa cha tukio lenyewe: "Kikao cha bajeti, saa 4 asubuhi". Namba na maneno vikigombana, mtu atapiga simu kuuliza kabla ya siku.

Kwenye Google mpangilio wa saa 24 uko ndani ya mipangilio ya kalenda yenyewe, na ukiubadilisha unakufuata kila kompyuta unayoingia. Outlook ya zamani huchukua mtindo wa saa kutoka Windows, kwa hiyo inabidi ubadilishe kompyuta kwa kompyuta. Ofisi ya watu kumi na wawili, hiyo ni nusu siku na soda mbili. Thunderbird pia hufuata mfumo wa kompyuta.

Ukanda wa saa nao si wa kupuuza. Google inatuita Saa za Afrika Mashariki. Thunderbird inatutaja kwa jina, Africa/Dar es Salaam. Windows, na Outlook nyuma yake, haina Dar es Salaam kwenye orodha yake, unachagua UTC+03:00 Nairobi. Kuna miji mingine kadhaa yenye +03:00 kwenye orodha hiyo hiyo, na mtu mwenye haraka huchagua wa kwanza anaouona. Leo saa zitalingana, ila mji ule si wetu, na nchi yake ikiamua kubadilisha saa, kalenda yako itaifuata.

Kwa wanaouza minofu ya sangara Ulaya hili ni la kila mwaka. Sisi saa zetu hazibadiliki, wao wanazisogeza Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Kikao kilichoandaliwa na mnunuzi wa Ubelgiji saa 9:00 yake ni 11:00 kwetu wakati wa baridi yao, yaani saa tano, na 10:00, saa nne, wakati wa kiangazi chao. Kanuni ni moja kwenye programu zote: kikao kinachojirudia hufuata ukanda wa aliyekiandaa. Ukikiandaa wewe, wao ndio watakaoona kinahama. Kubalianeni mapema nani anaandaa.

Tukirudi kwenye ulinganisho wenyewe. Kushirikisha kalenda, Google ni nyepesi kuliko zote: unaandika anwani ya mwenzako, unachagua aone tu au abadilishe, imekwisha. Ina pia kalenda ya sikukuu za Tanzania ya kuongeza kwa kubonyeza, ingawa Idd inategemea mwezi kuandama, kwa hiyo siku hiyo usiifunge kwa kalamu ya wino. Mpangilio mmoja wa kubadilisha mara moja: mialiko iingie kwenye kalenda pale tu mtumaji anapojulikana. Vinginevyo matapeli watakuwekea "umeshinda zawadi" katikati ya ratiba ya Nanenane.

Outlook inashinda pale ofisi ina ngazi. Katibu anaweza kukabidhiwa kalenda ya mkurugenzi kwa mipaka, ajibu mialiko kwa niaba yake bila kusoma barua zake za siri. Chumba cha mikutano kinaweza kuwa na anwani yake na kikakataa chenyewe kikao cha pili. Na kuna ukurasa wa kupanga vikao unaoonyesha nafasi za watu wote kwa mistari, ambao ukishauzoea unauona wa Google kama wa watoto.

Thunderbird ina kalenda ndani yake na hupokea mialiko vizuri. Tatizo ni kwamba kalenda inayokuja nayo inakaa kwenye kompyuta hiyo moja, hakuna mwingine anayeiona, hata simu yako. Ili ishirikishwe inahitaji seva ya kalenda ya mtindo wa CalDAV, lugha ambayo programu za kalenda huitumia kusomeana. Baadhi ya hosting zinayo, nyingine hazina, uliza kabla ya kulipa. Njia ya mkato ni kuiunganisha na Kalenda ya Google na kuacha barua zikae kwenye hosting. Inafanya kazi, ila sasa una nyumba mbili za kufagia.

Kikumbusho: popote ulipo, cha kiwandani huwa cha dakika chache. Mtu anayetoka Igoma kuja mjini hawezi kufanya lolote na dakika chache. Weka saa moja, na kingine cha siku moja kabla.

Ufunguo uko kwa nani

Sehemu hii ingekuwa ya kwanza kama watu wangenisikiliza.

Gmail ya bure ndiyo yenye mtego mkubwa, na si kosa la Google. Ofisi nyingi zilifunguliwa anwani na kijana wa field aliyekuwa na wepesi wa mkono, akaweka namba yake ya simu kwa uthibitisho. Laini zimesajiliwa kwa alama za vidole, ile namba ni yake. Kijana akamaliza field akaenda zake. Siku kompyuta inabadilishwa, Google inasema imetuma namba ya siri kwenye simu inayoishia na 47, na ofisi nzima inatazamana. Kama unatumia ya bure, fanya hivi leo: weka namba ya ofisi, washa uthibitishaji wa hatua mbili, chapa zile namba kumi za akiba ambazo Google hukupa, ziweke kwenye kabati la fedha. Kwenye Workspace ya kulipia tatizo hili halipo, maana msimamizi anabadilisha nenosiri la yeyote na kuhamisha barua za aliyeondoka.

Microsoft 365 ina msimamizi vilevile, na ina kitu kimoja ninachokipenda sana: sanduku la pamoja. Anwani kama uhasibu@ au info@ inaweza kuwa sanduku ambalo watu watatu wanalifungua kila mtu kwa nenosiri lake, na halihitaji leseni yake hadi GB 50. Mfanyakazi akiondoka unaweza kuligeuza sanduku lake kuwa la pamoja, barua zikabaki, na leseni ukampa mwingine. Google hufanya kitu kinachofanana kwa makundi, lakini ni kama kukaa kwenye kiti cha kuazima.

Kwenye hosting, ufunguo ni wa mwenye akaunti ya hosting na mwenye kikoa, au domeini kama wengi tunavyosema, lile jina linalokuja baada ya alama ya @. Hakikisha kikoa chako cha co.tz kimesajiliwa kwa jina la kampuni, si la fundi. Nimekutana na kampuni iliyolazimika kumbembeleza fundi wa zamani ili ipate anwani yake yenyewe. (Fundi huyo sikuwa mimi.)

Mimi kosa langu ni jingine. Zamani nilimfungia mwalimu mkuu mmoja barua kwa POP3, mtindo unaoshusha barua kwenye kompyuta na kuzifuta kwenye seva. Nilifanya hivyo kwa sababu nafasi ya seva ilikuwa ndogo, na sikumfundisha kunakili. Diski ikafa, barua za miaka minne zikaenda nayo. Aliniambia tu, "Haya, mwanangu, tutafanyaje," na hilo liliniuma kuliko matusi. Tangu hapo nafunga IMAP, ambayo barua hubaki kwenye seva na kompyuta huwa na nakala: mlango 993 wa kupokea, 465 au 587 wa kutuma, vyote kwa njia iliyofungwa. Na Thunderbird ina fadhila hapa ambayo wenzake hawana: barua zote, anwani na mipangilio viko kwenye folda moja. Ijumaa jioni unainakili kwenye diski ya nje na kuondoka nayo.

Bando, nafasi na viambatisho

Gmail ya bure hutoa GB 15, lakini zinagawanywa kati ya barua, Drive (kabati la faili la Google) na picha. Nimeitwa ofisini "barua haziingii" nikakuta nafasi imejazwa na video za send-off ya dada wa mapokezi, kwa sababu simu yake ilikuwa kwenye akaunti ya ofisi. Workspace ya kuanzia ni GB 30 kwa mtu, masanduku ya Microsoft 365 ya biashara huanzia GB 50. Hosting hutoa kile fundi alichokupangia, na kikijaa barua zinarudi kwa waliozituma bila wewe kujua.

Gmail hukubali viambatisho hadi MB 25, zaidi ya hapo huvigeuza kuwa kiungo cha Drive. Jua pia kwamba faili likisafiri ndani ya barua huvimba kwa kama theluthi moja, kwa hiyo skani ya MB 20 inaweza kugonga dari la seva ya mwenzako hata kama kwako imetoka. Mara nyingi dawa iko kwenye skana: watu huskana mkataba wa kurasa nane kwa rangi na dpi 600, yaani kwa ukali wa picha wa juu mno. Weka dpi 200, nyeusi na nyeupe, faili linapungua mara nyingi. Na ile nembo kubwa kwenye saini ya barua, inayobebwa kwenye kila "Sawa, asante", ipunguzeni.

Kwenye simu, programu zote zina mahali pa kuzuia picha za nje zisijipakie zenyewe. Zuia.

Pesa, na barua kufika inakokwenda

Workspace na Microsoft 365 hulipwa kwa kila mtu kwa mwezi au mwaka, kwa kawaida kwa kadi. Wapo mawakala wa ndani wanaouza kwa shilingi na kutoa risiti ya EFD, wahasibu huwapenda. Hosting hulipwa mara moja kwa mwaka, mara nyingi hata kwa simu, na idadi ya anwani haipandishi bei sana. Kwa ofisi ya watu ishirini, tofauti hiyo ni mshahara wa mtu. Kabla ya kulipa chochote, mashirika yasiyo ya kiserikali yaombe mipango yao: Google ina Workspace ya bure kwa yanayokubaliwa, na Microsoft hutoa Business Basic bure hadi watumiaji 300. Shule nazo zina matoleo ya bure kwa pande zote mbili.

Udhaifu wa hosting ya bei ndogo ni jirani. Mnagawana seva na watu msiowajua, mmoja akituma barua taka nyote mnanuka. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza: barua isiyo na uthibitisho wa kikoa ina hatari ya kukataliwa. Mwambie fundi wako maneno matatu, SPF, DKIM na DMARC, rekodi za kikoa zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli. Akikodoa macho, tafuta fundi mwingine. Workspace na Microsoft 365 pia zinataka rekodi hizo ziwekwe, ila majirani wao wana adabu zaidi.

Jambo la sheria kwa ufupi: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inagusa pia kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi. Zahanati au kampuni inayotuma majibu ya wagonjwa na nakala za vitambulisho kwa barua pepe iulize mwanasheria seva zake ziko wapi, bila kujali imechagua ipi.

Kila moja inamfaa nani

Gmail na Kalenda ya Google huwafaa watu wanaofanya kazi zaidi kwenye simu kuliko mezani, timu changa, na ofisi ambayo haina fundi wa karibu. Ina sura ya Kiswahili pia, na hilo si dogo kwa mzee anayeanza. Wasioipenda mara nyingi hukerwa na barua kukusanywa kwa mazungumzo. Hilo huzimwa kwenye mipangilio, usimwache mtu ateseke.

Outlook huwafaa wenye ngazi, makatibu, vyumba vya mikutano na faili nyingi za Word na Excel, na wanaoweza kumlipa mtu wa kuisimamia. Kwa ofisi ya watu watatu ni kama kukodi fuso kubeba ndoo ya dagaa.

Thunderbird huwafaa wenye bajeti finyu na nidhamu kubwa: wakili mmoja, duka la vipuri, kituo cha mbali chenye mtandao wa kusuasua. Inamtaka mtu mmoja anayejali kunakili. Kwenye simu za Android ipo tangu Oktoba 2024, kwa iPhone utatumia programu nyingine.

Ukiwa katika hali hii

Mko watatu, hamna kikoa na hamna pesa bado: kaeni Gmail ya bure, lakini fungueni akaunti ya ofisi iliyo mbali na simu ya mtu yeyote, na zile namba kumi ziende kabatini siku hiyo hiyo. Mkipata kikoa mtahamia Workspace na barua za zamani zinaweza kuhamishwa.

Mna kituo Ukerewe au Sengerema na ofisi kuu mjini: kama mnatumia Google, washeni hifadhi ya siku 30 kwenye kila kompyuta ya kituo kabla haijasafiri. Kama mnapendelea diski, wekeni Thunderbird kituoni isome sanduku lile lile la ofisi kuu. Google haikubali tena nenosiri tupu kutoka programu za nje, kwa hiyo chagueni njia ya kuingia iitwayo OAuth2 inapojitokeza, itafungua dirisha la kuingia la Google lenyewe.

Mnauza nje na mnapanga vikao na watu wa Ulaya kila wiki: Outlook au Google, zote zitawatosha, angalieni ukanda wa saa na nani anaandaa. Thunderbird na kalenda ya peke yake itawachosha.

Mkurugenzi ana katibu na ratiba inayobadilika mara nne kwa siku: Outlook ya zamani, na mhakikishe kifurushi mnacholipia kinayo.

Una hosting tayari na barua zako zinaishia kwenye taka za wateja: usihame bado. Weka kwanza zile rekodi tatu, subiri wiki mbili, tuma barua ya majaribio kwenye Gmail ya jamaa yako. Zikiendelea kuangukia kwenye taka, ndipo uhamishe sanduku na uache tovuti pale pale.

Bado unatumia ile programu ndogo ya Mail iliyokuja na Windows 10: msaada wake uliisha 31 Desemba 2024, na wa Windows 10 yenyewe uliisha 14 Oktoba 2025, Siku ya Nyerere. Nakili barua zako wiki hii, kisha urudi uanze kusoma kutoka kwenye vigezo.